Kumfuata Kazi Nazrul Islam, kutoka Kolkata hadi Dhaka

Simulizi hii nimeiandika nyumbani Mombasa baada ya kurejea, kwa kulipanga upya daftari la safari na picha za simu. Nilikwenda kumfuata mtu mmoja, Kazi Nazrul Islam, aliyezaliwa tarehe 24 Mei 1899 katika kijiji cha Churulia, magharibi mwa Bengali, eneo ambalo leo limegawanyika kati ya India na Bangladesh, akafariki Dhaka tarehe 29 Agosti 1976, na ambaye Bangladesh humwita mshairi wake wa taifa. Wachache wanaomjua huku kwetu humjua kwa shairi moja la uasi. Mimi nilivutiwa na meza yake ya gazeti, kwa sababu kila nilipozidi kusoma habari zake niliona kwamba mashairi yaliyomfikisha jela yalizaliwa humo, baina ya mswada uliochelewa na mpiga chapa aliyekuwa akisubiri mlangoni. Ndiyo maana njia niliyoichagua haipiti mandhari nzuri sana. Inapita vichochoro, jela, mji wa makaa ya mawe na kituo cha mpakani.

Jumanne, 23 Januari 2024. Kufika Kolkata

Ndege ilikuwa ya Nairobi hadi Mumbai, kisha nyingine hadi Kolkata. Kwa anayetoka Afrika Mashariki, cheti cha chanjo ya homa ya manjano hakikosi kuulizwa India, na foleni yake hutangulia ile ya pasipoti, kwa hiyo kiwekwe mkononi na si ndani ya begi. Jambo la pili ni viza: ile ya kuombwa kwa intaneti wakati huo ilimruhusu mgeni kuingia kupitia viwanja vya ndege na bandari zilizotajwa tu, ingawa aliweza kutokea katika kituo chochote rasmi cha uhamiaji. Aliyevuka kwa treni kwenda Bangladesh hakuweza kutarajia kurudi India kwa njia hiyohiyo. Viza ya Bangladesh niliishughulikia mapema katika ubalozi wao wa Nairobi.

Nilifika siku ya kuzaliwa kwa Subhas Chandra Bose, mpigania uhuru wa India, ambaye kiwanja cha ndege chenyewe kina jina lake, na njiani karibu kila sanamu yake ilikuwa imevishwa mashada ya maua ya manjano. Nikafurahi kuanzia hapo, maana Bose anaingia katika hadithi hii. Chumba nilikipata karibu na Sudder Street kwa rupia 1,400 kwa usiku. Siku hizo rupia moja ilikuwa karibu shilingi mbili za Kenya.

Jumatano, 24 Januari. Taltala na College Street

Kutoka kituo cha metro cha Esplanade hadi Taltala ni mwendo wa miguu usiochosha. Unapita maduka ya vifaa vya umeme, wauza machungwa, na wazee wanaovuta rikshaa kwa mikono yao wenyewe, kisha barabara inapungua upana hadi kuwa kichochoro. Nilikuwa na anwani: 3/4C, Taltala Lane. Mzee mmoja aliyekuwa akiota jua kizingitini aliitazama karatasi yangu, akaurudisha mguu wake ndani ya kandambili, akanitangulia bila kusema neno hadi mbele ya nyumba, kisha akataja kwa sauti jina la shairi: Bidrohi, yaani mwasi. Baada ya hapo alinikalisha, akamtuma kijana kuleta chai katika kikombe kidogo cha udongo, na akakataa kata kata nisilipe.

Katika chumba cha chini cha nyumba hiyo, wiki ya mwisho ya Desemba 1921, Nazrul alikuwa akiishi na Muzaffar Ahmad, mwanasiasa na mwandishi aliyekuja kuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha kikomunisti India. Usiku mmoja, mwenzake akiwa amelala, aliliandika shairi hilo refu kwa penseli. Muzaffar alieleza baadaye kwamba kalamu ya wino wa kuchovya isingeweza kwenda kwa kasi ile. Asubuhi yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusomewa. Gazeti la kila wiki la Bijli lililichapisha tarehe 6 Januari 1922, na toleo hilo likabidi lichapishwe tena kwa wingi wa waliolitaka. Nazrul alikuwa na umri wa miaka 22.

Jambo ambalo husahaulika ni kwamba wawili hao hawakukutanishwa na ushairi peke yake. Kabla ya Taltala waliwahi kuendesha pamoja gazeti la jioni, Nabajug, maana yake zama mpya, lililoanza Julai 1920 kwa fedha za wakili na mwanasiasa A. K. Fazlul Huq. Nazrul alikuwa ametoka jeshini miezi michache tu kabla, hakuwa amewahi kufanya kazi katika chumba cha habari, lakini ikaonekana upesi kwamba ana kipaji cha kuikata habari ndefu ikabaki mistari michache yenye makali, na kuichomekea kichwa kilichotokana na ubeti wa shairi ambao kila Mbengali aliujua. Wasomaji walilinunua kwa ajili ya vichwa hivyo. Waliposhambuliwa na kuuawa muhajirina waliokuwa wakihama India kwenda Afghanistan mwaka huohuo wa 1920, aliandika tahariri akiuliza ni nani mwenye dhamana ya damu yao, na serikali ya Waingereza ikaitaifisha dhamana ya fedha ya gazeti. Tahariri zake za Nabajug zilikusanywa katika kitabu, Jugabani, na kitabu hicho kikapigwa marufuku mwaka 1922. Kilikuwa cha kwanza. Vingine vinne vya kwake vilifuata njia hiyo katika miaka iliyokuja.

Mchana nilikwenda College Street, kwenye vibanda vya vitabu vilivyobanana pande zote mbili za barabara. Namba 32 ya mtaa huu ndipo lilipoanzia gazeti lake mwenyewe, Dhumketu, yaani nyota yenye mkia, tarehe 11 Agosti 1922. Lilitoka mara mbili kwa wiki, na juu ya ukurasa wa mbele lilibeba dua fupi ya ushairi iliyoandikwa na Rabindranath Tagore, mshairi mkuu wa Kibengali, akiiomba nyota hiyo ije ijenge daraja la moto gizani. Mwezi Oktoba mwaka huo Nazrul aliandika humo wazi kwamba India inataka uhuru kamili, si nusu yake, wakati Congress, chama kikuu cha kudai uhuru, hakikulifanya hilo kuwa azimio lake hadi Desemba 1929.

Kahawa niliinywa katika Coffee House, ghorofani, chini ya feni ndefu, ambako wahudumu bado huvaa vilemba vyenye shungi. Ukumbi huo zamani uliitwa Albert Hall, na ndimo Nazrul alimopewa heshima ya umma tarehe 15 Desemba 1929. Mwanakemia Prafulla Chandra Ray aliongoza mkutano, na Bose akasema kwamba watakapokwenda vitani wataimba nyimbo za Nazrul, na watakapokwenda jela wataziimba hizohizo. Msichana mwanafunzi wa sheria aliyeketi nami meza moja, kwa kuwa nyingine zilijaa, alinionyesha kidole kuelekea mbele ya ukumbi akisema babu yake alimwambia jukwaa lilikuwa upande ule. Sikuweza kulithibitisha hilo, lakini tangu hapo niliketi nikiangalia huko.

Alhamisi, 25 Januari. Jela ya Alipore

Jela Kuu ya zamani ya Alipore iligeuzwa makumbusho mwaka 2022. Kiingilio changu kilikuwa rupia 30, na siku ya Jumatatu hufungwa. Nenda asubuhi, kabla ya mabasi ya wanafunzi.

Toleo la Dhumketu la tarehe 26 Septemba 1922, la msimu wa sikukuu ya Durga, lilikuwa na shairi lake ambamo anamuuliza mungu huyo wa kike atajificha hadi lini nyuma ya sanamu ya udongo ilhali mbingu imetekwa na madhalimu. Waingereza hawakuhitaji mkalimani wa mafumbo. Ofisi ilipekuliwa, na tarehe 23 Novemba Nazrul alikamatwa mjini Comilla, mashariki mwa Bengali, akarudishwa Kolkata kushitakiwa kwa uchochezi. Mapema Januari 1923 aliandika maelezo yake ya kujitetea, ambayo nadhani ndiyo nathari bora aliyopata kuiandika. Anasema upande mmoja limesimama taji la mfalme na upande mwingine mwali wa nyota. Kwamba yeye ni filimbi tu, inaweza kuvunjwa lakini anayeipuliza hakamatiki. Na kwamba amesikia hakimu wake naye ni mshairi. Hakimu huyo, Swinhoe, alimhukumu mwaka mmoja wa kifungo na kazi ngumu tarehe 16 Januari.

Nazrul alikuwa hapa Alipore wakati Tagore alipochapisha mchezo wake wa nyimbo uitwao Basanta na kuutabarukia kwa jina la Nazrul, akimwita mshairi, jambo ambalo baadhi ya watu wa karibu wa Tagore hawakulipenda. Nakala ililetwa mkononi hadi jela. Nilitembea katika korido za seli nikijaribu kukisia ilipokelewa wapi. Seli ni fupi, kuta zimepakwa rangi mpya nyekundu, na bustani imepaliwa vizuri kuliko inavyostahili mahali pa namna hii. Onyesho la sauti na taa la jioni sikuliona.

Mwezi Aprili alihamishiwa jela ya Hooghly, na kwa ajili ya jinsi wafungwa walivyotendewa huko akaanza mgomo wa kula. Tagore alimpelekea telegramu akimsihi auache kwa kuwa fasihi yao inamdai. Ilielekezwa jela ya Presidency, nayo ikarudi na jibu kwamba mwenyewe hakupatikana. Aliyefaulu kumlisha, baada ya siku 39, ni Birajasundari Devi, mama wa nyumba ya Kihindu kule Comilla ambaye Nazrul alimwita mama. Nilipitia Hooghly kwa treni tu, sikushuka.

Jumamosi, 27 Januari. Asansol na Churulia

Ijumaa ilikuwa Siku ya Jamhuri na kila kitu kilifungwa, hivyo nilifua nguo. Jumamosi alfajiri nilikuwa kituo cha Howrah, na ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba taa za upande wa pili wa reli hazikuonekana. Treni iliyotakiwa kuondoka kabla ya jua kupanda ilichelewa zaidi ya saa tatu. Hakuna aliyelalamika. Mwanamke aliyekuwa akisafiri na mama yake mzee alinisogezea nusu ya blanketi lake kwenye sakafu, akafungua bakuli la kochuri, vimkate vya kukaanga vilivyojaa njegere, na viazi vya rojo, akaniita didi, yaani dada, na kunihimiza nile kama vile nimekuja arusini. Atakayesafiri Januari katika sehemu hizi asipange miadi ya asubuhi.

Asansol ni kilomita 200 hivi kutoka Howrah. Hapo ukitoka nje ya kituo unaikuta harufu ya makaa ya mawe. Nilipanda basi kwenda Churulia kupitia Jamuria, kwa nauli isiyofika rupia 40, tukifuatana na malori yaliyopakia makaa na kumwaga vumbi jeusi juu ya mashamba ya haradali yaliyokuwa yamechanua manjano. Kondakta aliwatangazia abiria kwamba mgeni huyu anakwenda kwa Nazrul, na kuanzia hapo nilipewa kiti cha dirishani na maswali yasiyokwisha kuhusu watoto wangu.

Kijijini, karibu na msikiti mdogo na ziara ya walii aitwaye Haji Pahlwan, ndipo alipokulia. Baba yake, Kazi Faqeer Ahmed, alikuwa imamu na mtunzaji wa ziara hiyo. Alifariki mwaka 1908, na mtoto aliyeitwa kwa jina la utani Dukhu Mia, yaani mwenye huzuni, akaanza kazi: akawaadhinia watu, akafundisha watoto madrasa, akajiunga na kundi la leto, ambalo ni tamthilia ya vijijini ya kuimba na kujibizana kwa mashairi ya papo kwa papo, kisha akafanya kazi katika duka la mikate Asansol. Huko ofisa mmoja wa polisi, Kazi Rafizullah, alimwona ana akili akampeleka shule mbali, wilaya ya Mymensingh, ambayo leo iko Bangladesh. Baadaye alirudi akasoma Raniganj, na mwaka 1917, akiwa darasa la juu, akaacha mitihani na kujiunga na kikosi cha 49 cha Wabengali, kambi ya Karachi. Hakuona vita. Aliona Kiajemi, alichofundishwa humo kambini, na akaanza kutuma maandishi yake Kolkata kwa posta.

Kwa mtu wa pwani, hiyo leto inaelezea mengi. Aliyekua akisikiliza malumbano ya majibizano hawezi kushangaa kwamba mtoto aliyezoea kumjibu mpinzani jukwaani kwa ubeti usioandikwa alikuja kuweza kuandika tahariri usiku huohuo habari ilipoingia.

Makumbusho ya Nazrul Academy yana miswada, picha na santuri. Mtunzaji wake alifungua kabati moja la kioo ili nitazame kwa karibu karatasi yenye mwandiko wa Nazrul: mistari inapanda kidogo kuelekea kulia, neno lililokatwa limekatwa kwa mstari mmoja tu, na pembeni kuna alama za noti za wimbo zilizoongezwa kwa wino mwingine. Karibu na hapo liko kaburi la mkewe, Pramila, aliyefariki tarehe 30 Juni 1962. Alikuwa Mhindu wa Comilla, mpwa wa yule Birajasundari. Walioana tarehe 25 Aprili 1924 bila yeye kubadili dini, na kelele zilitoka pande zote mbili. Mwaka 1939 alipooza kuanzia kiunoni, na miaka yote iliyofuata, mumewe alipopoteza akili na sauti, alimlisha kwa mkono wake akiwa amelala kitandani. Yeye yuko Churulia, mumewe yuko Dhaka, na mpaka wa nchi mbili umepita katikati.

Usiku nilirudi Asansol. Hoteli mbili ndogo zilinikataa kwa kuwa hazina idhini ya kupokea wageni wa nje. Hili ni la kawaida katika miji ya India isiyo ya kitalii, kwa hiyo piga simu kabla na useme wewe ni mgeni. Dereva wa tuktuk alizunguka nami hadi tukapata ya tatu na hakuongeza senti juu ya nauli tuliyopatana.

Jumatatu, 29 Januari. Krishnanagar

Safari ya treni ya kawaida kutoka stesheni ya Sealdah, Kolkata, hadi Krishnanagar ni kama kilomita 100, tiketi haifiki rupia 30, na ina behewa la wanawake ambalo nalipendekeza kwa moyo wote. Humo nilinunua mapera yaliyopakwa chumvi na pilipili, pini za nywele na kitabu cha kuchorea, vyote vikiuzwa na watu waliopanda na kushuka kila kituo.

Nazrul aliishi hapa kuanzia 1926 hadi 1928, katika nyumba iitwayo Grace Cottage, akiwa fukara kabisa. Aliandika shairi lake juu ya umaskini humu, na riwaya juu ya njaa iliyotokana na mtaa wa jirani. Lakini usomaji wangu unaanzia muda mfupi kabla, Desemba 1925, alipoanzisha na wenzake gazeti la kila wiki la wakulima na wafanyakazi, Langal, ambalo maana yake ni plau, na toleo la kwanza likabeba mfululizo wake wa mashairi ya usawa: juu ya mwanadamu, mwanamke, kahaba, kuli. Machafuko ya Wahindu na Waislamu yalipoitikisa Kolkata Aprili 1926, alitunga wimbo wa kumwonya nahodha wa jahazi lililo katika tufani asiwaulize wanaozama ni wa dini gani, ukaimbwa mwezi uliofuata katika mkutano wa Congress wa jimbo uliofanyika mjini hapahapa. Ni tahariri kwa kila namna, ila ina kiitikio.

Hapahapa pia alianza kutunga ghazali za Kibengali, na hapo sauti yake inageuka. Kutoka mwisho wa miaka ya 1920 nyimbo zikachukua nafasi ya magazeti. Jumla yake hukadiriwa kuwa takriban 3,000, za mapenzi, za kumsifu mungu wa kike Kali, na kasida za Kiislamu ambazo Wabengali huziimba kila Idi. Wapo wanaoona huo ndio ukuu wake. Mimi nilibaki na mhariri.

Kula sarpuria, kitamu cha malai ya maziwa kilichookwa, ambacho mji huu umejivunia tangu zamani. Januari pia ni msimu wa sukari guru ya mtende pori, na peremende za maziwa zilizotiwa sukari hiyo huwa na rangi ya kahawia na harufu ya moshi. Hazikai siku mbili, usinunue za kupeleka nyumbani.

Jumatano, 31 Januari. Maonyesho ya vitabu

Siku ya mwisho ya maonyesho ya vitabu ya Kolkata, huko Salt Lake. Vumbi, umati, samaki wa kukaanga, watu wakibeba vitabu kama wanaohama nyumba. Nilipata tafsiri ya Kiingereza ya mashairi ya Nazrul kwa rupia 350.

Jumamosi, 3 Februari. Treni ya kuvuka mpaka

Maitree Express iliondoka stesheni ya Kolkata, ile ya Chitpur, saa moja na dakika kumi asubuhi. Uhamiaji na forodha vilifanyika stesheni za mwanzo na mwisho, kwa hiyo ilibidi kufika mapema sana na kujaza fomu kwa herufi kubwa. Mpakani, Gede upande wa India na Darshana upande wa pili, treni ilisimama muda mrefu bila mtu kushuka. Saa za Bangladesh ziko nusu saa mbele.

Baada ya hapo ni mchana mzima wa mashamba ya mpunga mchanga. Tulivuka mto Padma juu ya daraja la chuma la Hardinge, lililofunguliwa 1915, wakati ambapo Nazrul alikuwa mwanafunzi na hakukuwa na mpaka wa kuvuka. Kisha mto Jamuna, juu ya daraja la karibu kilomita tano. Mfanyabiashara wa nguo aliyekaa mbele yangu alipojua ninakokwenda aliimba kwa sauti ya chini ule wimbo wake wa kuwahimiza vijana kusonga mbele, ambao sasa ni wimbo wa gwaride wa Bangladesh, na abiria wa viti vya nyuma wakaitikia. Tulipofika stesheni ya Dhaka Cantonment alisimama nami foleni ya forodha hadi mwisho, kisha akapatana nauli na dereva kwa niaba yangu.

Jumapili, 4 Februari. Kaburini na Dhanmondi

Metro mpya ya Dhaka ina kituo cha Shahbagh na kingine cha Chuo Kikuu cha Dhaka, vyote vilivyofunguliwa Desemba 2023, na kaburi liko mwendo mfupi kutoka hapo. Wakati ule metro haikuwa ikitembea Ijumaa. Kaburi liko kando ya msikiti mkuu wa chuo kikuu, kama alivyoomba katika wimbo wake mmoja ili aisikie adhana. Mchoraji Zainul Abedin amezikwa karibu naye. Wanafunzi walikaa kwenye ngazi wakisoma maandiko yao, na mmoja alisimama akanisomea tarehe zilizo kwenye jiwe.

Katika mtaa wa Dhanmondi iko nyumba aliyopewa na serikali alipoletwa kutoka Kolkata tarehe 24 Mei 1972, siku alipotimiza miaka 73. Leo hapo ni Taasisi ya Nazrul. Aliletwa akiwa bubu. Ugonjwa ulimpata Julai 1942, akiwa na miaka 43, na watu husahau alikuwa na kazi gani wakati huo: tangu mwaka uliotangulia alikuwa mhariri mkuu wa Nabajug, gazeti lilelile lililofufuliwa na Fazlul Huq yuleyule. Mwaka 1953 alipelekwa London na Vienna, na madaktari wa Vienna wakaeleza kwamba sehemu za ubongo wake zilikuwa zikinyauka, ugonjwa wa Pick, usio na dawa. Aliishi miaka 34 bila kuandika. Katika picha za miaka hiyo amevishwa mashada, anatazama kando ya kamera, na mara nyingi ana karatasi mkononi ambayo anaichana vipandevipande.

Jumanne, 6 Februari. Comilla

Basi la kutoka Dhaka lilinigharimu taka 300, taka ikiwa ndiyo sarafu ya Bangladesh, kwa barabara ya kilomita 100 hivi ambayo msongamano huifanya ndefu. Nilitaka kuuona mji alikokamatwa na alikompata Pramila. Muuza vitabu aliifunga duka yake ili anipeleke kwa miguu mtaa wa Kandirpar na Jhautala, akinionyesha kila mahali penye jina la mshairi. Rasmalai ya Comilla, kitamu cha maziwa, ni bora kuliko zote nilizowahi kuonja. Foleni yake ilikuwa ndefu kuliko ya benki iliyo jirani.

Alhamisi, 8 Februari. Maonyesho ya Februari, na kuondoka

Maonyesho ya vitabu ya Dhaka kwa kawaida huchukua mwezi mzima wa Februari, katika bustani ya Suhrawardy na uwanja wa Bangla Academy, na siku za kazi hufunguliwa alasiri. Kwenye banda moja niliomba kuona kurasa za Dhumketu katika kitabu cha mkusanyo. Msomi kijana aliyekuwa akiuza alinifasiria kwa Kiingereza, kwa zaidi ya saa nzima, huku akiwahudumia wengine: tahariri ya moto, kisha habari fupi za wilayani zenye kejeli, kisha barua za wasomaji. Shairi lililomfunga halikutengwa kwa heshima yoyote. Limepangwa kama habari nyingine yoyote ya siku ile, kwa msomaji aliyenunua gazeti akielekea nyumbani, na hapo nikaona kwamba nilichokuja kukitafuta kimo katika kurasa hizo.

Kwa atakayetaka kupita njia hii: Maitree Express ilisimamishwa Julai 2024, kwa hiyo uliza kwanza hali ya treni na ya viza za nchi zote mbili. Ndege ya Kolkata hadi Dhaka huchukua kama saa moja. Churulia nenda mwezi Mei ukitaka sherehe za kuzaliwa kwake, ila jua la Mei huko ni kali mno; Januari ina ukungu, lakini ina kochuri za njegere.